Mapigano ni picha moja tu kati ya 18

Haya wasomaji wangu, najua nimewatelekeza. Wiki tatu bila neno, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimepata kazi ya serikali. Sijapata. Nilikuwa natazama picha.

Picha zenyewe ni za vita vya Ulaya, za kati ya mwaka 1500 na 1700 hivi, zilizochorwa kwenye mabamba ya chuma na shaba kwa kutumia tindikali, kisha zikachapwa kwenye karatasi. Naona baadhi yenu mmeshaanza kupiga miayo. Vumilieni kidogo. Nina jambo la kusema kuhusu kazi yangu ya uandishi wa habari, na pia nina kosa la kukiri, na sikuweza kufika kwenye vyote viwili bila kupitia kwenye hizi picha.

Aliyenianzishia ni rafiki yangu mmoja mchoraji. Tulikuwa tumekaa mgahawani Kinondoni, yeye na laptopu yake, mimi na chai yangu, akanifungulia tovuti ya Rijksmuseum, ile makumbusho kubwa ya Amsterdam. Wameweka picha zao mtandaoni bure, na unaweza kuvuta picha karibu mpaka ukaona mkia wa farasi mwenye ukubwa wa punje ya mchele. Akanionyesha kazi za Jacques Callot, mtu wa mji wa Nancy, aliyezaliwa 1592 akafa 1635. "Huyu," akasema, "ndiye msanii wa kwanza Ulaya kuikataa vita." Jioni ile nilikubali kila kitu. Sasa sikubali. Nadhani rafiki yangu amekosea, na nadhani ukweli kuhusu Callot una manufaa zaidi kuliko hadithi yake, hasa kwetu sisi tunaoandika habari za mapigano tukiwa tumekaa kwenye viti vinavyozunguka.

Kwanza tuongee kuhusu tindikali.

Hapo mwanzo hii haikuwa kazi ya wasanii wa picha. Ilikuwa kazi ya mafundi wa silaha. Fundi alikuwa anafunika deraya ya chuma kwa nta, anakwaruza mapambo kwenye ile nta mpaka chuma kionekane, halafu anaweka tindikali. Tindikali inakula pale palipokwaruzwa tu. Ukiosha nta unabaki na maua na majani yaliyochimbwa kwenye kifua cha shujaa. Karibu na mwaka 1500, fundi mmoja wa Augsburg, Ujerumani, aitwaye Daniel Hopfer, ambaye kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya kunakshi deraya, akafanya vilevile kwenye bamba la bapa, akapaka wino, akabandika karatasi, akachapa. Picha ikatoka. Kwa hiyo teknolojia iliyokuja kuonyesha vita kwa watu wasiokuwepo vitani ilizaliwa katika karakana ya silaha. Na si Hopfer peke yake. Urs Graf, Mswisi, ambaye picha yake ya tindikali ya mwaka 1513 ni miongoni mwa za kwanza kabisa kuandikwa tarehe, alikuwa askari wa kukodiwa. Na Albrecht Dürer, alipojaribu mbinu hii mwaka 1518, alichora mandhari nzuri ya kijiji, halafu mbele yake akaweka mzinga mkubwa.

Kwa nini mbinu hii ilipendwa? Kwa sababu ni ya haraka. Kuchonga shaba kwa patasi kunataka mkono uliofundishwa kwa miaka mingi, na kila mstari ni jasho. Lakini kwenye nta, sindano inateleza kama kalamu. Mtu anayejua kuchora kwenye karatasi anaweza kujifunza. Mji ukianguka leo, picha yake inaweza kuwa sokoni wakati watu bado wanauongelea. Mnaelewa tunakoelekea. Hawa walikuwa wenzetu.

Frans Hogenberg ndiye ninayemhesabu kuwa mwenzetu kabisa. Alizaliwa Mechelen, ambayo leo ni Ubelgiji, akahamia Köln wakati Waholanzi walipokuwa wameasi dhidi ya mfalme wa Hispania. Akiwa Köln alitoa picha za matukio ya vita ile, moja baada ya nyingine, kila moja na maelezo yake chini: nani, wapi, lini. Mwezi Novemba 1576 askari wa Hispania ambao hawakuwa wamelipwa mishahara yao waliuvamia mji wa Antwerp, mji tajiri kuliko karibu yote Ulaya kaskazini, wakaua maelfu ya watu na kupora kwa siku kadhaa. Hogenberg alichapisha picha za kisa kile. Mitaa, moshi, watu wanakimbia, wengine wanatupwa majini. Si kazi nzuri sana kwa macho ya msanii, rafiki yangu anaiita picha ya polisi. Mimi naipenda kwa sababu hiyohiyo. Kumbukeni tu lile la mishahara, nitalirudia.

Turudi kwa Callot, maana ndiye aliyeifikisha mbinu hii mbali. Alijifunza Italia, akafanya kazi Florence kwenye jumba la akina Medici, na bwana wake Cosimo II alipofariki mwaka 1621 akarudi kwao Nancy. Katika maisha mafupi ya miaka 43 alitoa picha zaidi ya 1,400. Alikuwa na siri mbili za kifundi. Ya kwanza: badala ya nta laini alitumia vanishi ngumu, ya aina waliyotumia mafundi wa vinanda vya nyuzi, na vanishi hiyo haimegeki, kwa hiyo anaweza kuchora mstari mwembamba kama unywele bila tindikali kupenya pembeni.

Ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi. Sikilizeni vizuri. Ukilitia bamba kwenye tindikali kwa muda mfupi, mistari inakuwa mifupi kwa kina, inashika wino kidogo, inatoka hafifu. Ukiacha muda mrefu, inachimbika, inatoka nyeusi. Basi Callot anatia bamba lote mara moja kwa muda mfupi. Analitoa, anaosha, kisha anapaka vanishi juu ya sehemu ambazo anataka ziwe mbali, vilima, mji, majeshi ya nyuma, ili tindikali isiziguse tena. Analirudisha. Anatoa, anafunika sehemu ya katikati, anarudisha tena. Mwisho wanabaki wale wa mbele tu wakiendelea kuliwa na tindikali mpaka wawe weusi na wazito.

Maana yake ni kwamba umbali kwenye picha zile ni dakika. Yule mtu hafifu kule nyuma, anayekimbia karibu na mto, yuko mbali kwa sababu kuna mkono uliomfunika vanishi mapema. Mkono huohuo ungeweza kumwacha.

Sasa tazama picha zilizompa umaarufu kwa wakubwa. Mwaka 1624 na 1625 jeshi la Hispania, likiongozwa na Jenerali Ambrogio Spinola, liliuzingira mji wa Breda huko Uholanzi kwa miezi mpaka ukasalimu amri. Binti mfalme Isabella Clara Eugenia, aliyekuwa akitawala upande ule kwa niaba ya Hispania, akampa Callot kazi ya kuuchora ushindi. Vita imekwisha, mji umeanguka, ndipo msanii anaitwa. Callot akatoa picha ya mabamba sita, ukiyaunganisha unapata kitu kikubwa kuliko meza ya kulia chakula. Nusu ramani, nusu mandhari. Juu unaona mji wa Breda kama buibui, na mistari ya mahandaki na ngome imeuzunguka pande zote, kila kambi mahali pake. Chini, mbele, wapanda farasi, askari wa miguu, mikokoteni, shughuli za kambini.

Ni kazi ya ajabu, sitaki kuidharau. Lakini jiulize: aliyesimama pale ni nani? Hakuna kilima kirefu namna ile Breda, nchi yenyewe ni tambarare kama Jangwani. Jicho linaloona mji wote, mahandaki yote na majeshi yote kwa mara moja ni jicho la mtu aliyeonyeshwa ramani na washindi. Jicho la makao makuu.

Wafaransa wakaipenda. Mfalme Louis XIII alikuwa ameuzingira mji wa La Rochelle mwaka 1627 na 1628, mji wa Waprotestanti, yeye pamoja na Kadinali Richelieu. Waliziba bandari kwa ukuta wa mawe na meli zilizozamishwa ili Waingereza wasiweze kupeleka chakula. Watu waliokufa kwa njaa mle ndani walihesabiwa kwa maelfu mengi, sehemu kubwa ya wakazi wote. Callot akapewa kazi: La Rochelle kwa mabamba sita makubwa, na kisiwa cha Ré jirani yake mabamba mengine sita. Mtu yuleyule, sindano ileile, miaka michache tu baada ya kuwachorea Wahispania ambao walikuwa mahasimu wakubwa wa Ufaransa. Bahari imejaa meli nzuri. Ukuta umenyooka. Njaa haionekani. Njaa, jamani, haionekani kutoka juu. Ndiyo tabia yake.

Na Callot hakuwa wa mwisho. Stefano della Bella wa Florence, aliyefuata nyayo zake, alikwenda Ufaransa na akafanya kazi hiyohiyo ya kuchora kuzingirwa kwa Arras kwa ajili ya Richelieu, baada ya mji huo kutekwa mwaka 1640. Soko lilikuwepo.

Kisha mwaka 1633 Callot huyohuyo anatoa mfululizo unaoitwa Taabu na Masaibu ya Vita. Picha 18, ukihesabu na ya jalada. Zimechapwa Paris na rafiki yake Israël Henriet. Na hapa naomba mchukue rula. Kila picha ina kimo cha sentimita 8 na upana wa kama sentimita 18. Basi. Kimo cha kidole cha kati. Kutoka meza nzima mpaka kitu unachoweza kukificha ndani ya daftari la mwanafunzi. Nilikumbuka wahariri wangu wote na ule wimbo wao wa "nafasi hakuna". Sentimita 18 ni safu tatu nne za gazeti.

Picha ya kwanza baada ya jalada: watu wanaandikishwa jeshini. Kuna meza, kuna mtu anahesabu pesa, kuna vijana wamejipanga kwa mistari. Picha inayofuata ni mapigano. Farasi wamegongana, moshi, bastola, watu wako chini ya kwato. Ni pigano zuri kama yale ya Antonio Tempesta, Mwitaliano aliyechora mapigano mengi sana kiasi kwamba wachoraji wengine walikuwa wanaazima farasi wake. Ila kwenye hili la Callot huwezi kujua nani anapigana na nani. Hakuna mji wenye jina, hakuna bendera unayoweza kuisoma, hakuna jenerali wa kumpongeza.

Na hiyo ndiyo ya mwisho. Mapigano yameisha, na bado kuna picha 15.

Nilipogundua hesabu hiyo niliinuka kitini. Mapigano ni moja kati ya 18! Sisi kwenye gazeti tungekuwa tumemaliza habari. "Vikosi vyapambana vikali." Picha, maelezo, kichwa cha habari, twende nyumbani. Callot ndiyo kwanza anaanza.

Anawafuata wale askari. Wanavamia nyumba ya wageni. Wanavamia nyumba ya mkulima tajiri, na hii ndiyo picha ambayo sikuweza kuitazama kwa muda mrefu. Ni kama jukwaa la maigizo: chumba kikubwa, mapipa, vyakula vinaning'inia darini. Inakuchukua dakika nzima kutambua kwamba mmoja wa wanaoning'inia ni mtu, kaning'inizwa kichwa chini juu ya moto. Kule nyuma kuna kitanda, na mwanamke. Kila mmoja ana shughuli yake, hakuna anayemtazama mwenzake. Wanachoma nyumba ya watawa. Wanachoma kijiji. Wanateka msafara barabarani, msituni.

Halafu upepo unageuka. Askari wale wanakamatwa na jeshi lao wenyewe, na sasa zinafuata picha tano za adhabu. Mmoja anavutwa juu ya mlingoti kwa kamba, mikono imefungwa nyuma. Mwingine anapigwa risasi. Mwingine anachomwa moto, mwingine anavunjwa mifupa kwenye gurudumu. Iliyo maarufu kuliko zote ni ya kunyongwa: mti mmoja mkubwa katikati ya uwanja, na matawi yake yamejaa watu. Padri yuko juu ya ngazi na msalaba, anamwahi wa zamu. Chini ya mti watu wanacheza dadu juu ya ngoma. Pande zote jeshi limejipanga kwa nidhamu, mikuki imesimama wima, nao wanatazama. Kila aliyenyongwa ni mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na bado Callot amempa kila mmoja mkao wake.

Kisha hospitali: vilema wanajikokota kwa magongo. Kisha kando ya barabara, ombaomba, askari wa zamani, wanakufa palepale. Kisha wakulima, ndiyo, wale waliochomewa kijiji, wanawavizia askari msituni na kuwaua na kuwavua nguo, kwa ukatili uleule. Na picha ya mwisho kabisa ni mfalme kwenye kiti chake, anagawa tuzo kwa waliofanya vizuri.

Hapo ndipo ninapogombana na rafiki yangu. Kama Callot alikuwa anaikataa vita, mfalme anafanya nini pale mwisho? Ukifuata mpangilio, hadithi ni hii: askari wabaya wanaopora wataadhibiwa, wazuri watapewa tuzo. Hilo ni somo la nidhamu. Jenerali yeyote angeliridhia. Na kwenye jalada imeandikwa wazi kwamba kitabu kimetoka kwa idhini ya mfalme, yaani Louis XIII, mfalme ambaye mwaka huohuo wa 1633, mwezi Septemba, aliingia na jeshi lake Nancy na kuutwaa mji wa Callot. Lorraine ilikuwa dola ndogo yenye mtawala wake, na ikakanyagwa.

Rafiki yangu ana silaha yake kwa hili. Inasimuliwa kwamba Louis XIII alimtaka Callot achore kutekwa kwa Nancy kama alivyochora La Rochelle, naye akajibu kwamba ni afadhali akatwe kidole gumba. Hadithi tamu. Lakini mimi ni mwandishi wa habari, na hadithi tamu hunifanya niulize nani kasema. Aliyeiandika ni André Félibien, miongo kadhaa baada ya Callot kufa. Chanzo kimoja, tena si shahidi. Mhariri wangu angenirudishia. Labda ni kweli, moyo wangu unapenda iwe kweli, lakini siwezi kuijengea nyumba juu yake.

Wala sihitaji. Sababu ya kumheshimu Callot, kwa maoni yangu, haimo kwenye kidole gumba. Imo kwenye mpangilio wa kurasa. Awe alikuwa na nia gani, mara tu alipoamua kumfuata askari kutoka kwenye meza ya kuandikishwa mpaka kwenye shimo la barabarani, ukweli ulimponyoka mikononi na kujaa kwenye bamba. Anatuonyesha pesa inahesabiwa mwanzoni, na katika picha zinazofuata wale wale wanakula kwa wakulima. Mnakumbuka Antwerp ya 1576? Majeshi ya zama zile yalilipwa kwa kuchelewa au hayakulipwa kabisa, na askari asiyelipwa hujilipa. Hicho ni chanzo, na ndicho kinachokosekana kwenye habari zetu tunaposema "machafuko yamezuka" kana kwamba ni mvua. Mvua huzuka. Mishahara kuna mtu hajailipa.

Mtaniambia, basi dawa ni kuonyesha mateso, tuweke damu ukurasa wa mbele. Hapana! Mwaka 1672 Louis XIV aliivamia Uholanzi, na mwezi Desemba askari wake waliteketeza vijiji vya Bodegraven na Zwammerdam na kuua wakazi. Romeyn de Hooghe, fundi hodari wa tindikali, akachora: wanawake, watoto, moto, miili, kila kitu kiko mbele na cheusi kabisa. Picha zikaingia kwenye kitabu cha mwaka 1673 kilichowachochea Waholanzi dhidi ya Wafaransa. Mauaji yalitokea kweli. Lakini de Hooghe alikuwa mtu wa upande wa William wa Orange, na kila mwili pale una kazi ya kufanya. Kusogea karibu hakukufanyi kuwa mkweli. Unaweza kuwa karibu kabisa na bado ukawa msemaji wa makao makuu. Goya sitamzungumzia, yule ni wa karne nyingine, na picha zake 80 za vita hazikuchapishwa mpaka 1863, yeye akiwa kaburini miaka 35. Nikianza na Goya tutakesha.

Tukubali hata hivyo kwamba kuna waliosogea karibu bila kupiga kelele. Mjerumani Hans Ulrich Franck wa Augsburg, mji uleule wa Hopfer, alichora picha ndogo ndogo kuanzia 1643, Vita vya Miaka Thelathini vikiwa vinaelekea ukingoni. Watu wawili watatu tu kwenye picha. Mpanda farasi, mkulima, mwanamke. Huoni jeshi wala mji, wala huambiwi ni pigano gani. Naamini hakuna jenerali aliyemlipa.

Sasa kosa langu.

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia Goma, nilikuwa zamu kwenye dawati la habari za kimataifa, hapa Dar. Picha zilikuwa zinamiminika kutoka kwenye mashirika. Nikachagua moja iliyopigwa kutoka juu, kwenye ghorofa nadhani, barabara pana, malori ya askari wamejipanga, moshi kule nyuma. Picha kubwa, ya kishujaa. Callot wa Breda angeipenda. Upande wa kulia chini kulikuwa na mama anatembea kando ya malori, kabeba godoro lililokunjwa kichwani, mkono mmoja umelishika, mwingine umemshika mtoto, na mtoto kabeba dumu la njano. Picha ilikuwa ndefu kuliko nafasi niliyopewa. Nikaikata upande wa kulia. Sikufikiri hata sekunde tano. Yule mama hakuwa habari. Habari ilikuwa malori.

Siku mbili baadaye simu ikapigwa chumba cha habari. Mwanamume, Kiswahili chake cha kule Kivu, mtu wa Goma anayefanya biashara Kariakoo. Alikuwa ameiona picha nzima kwenye simu yake, kisha akaiona yetu. Hakuwa na hasira. Alikuwa na adabu kabisa, adabu iliyonimaliza. "Ule mama mwenye alikuwa pembeni," akaniuliza, "mulimuweka wapi?"

Nilimwambia kuhusu nafasi. Nilimweleza mambo ya safu na vipimo kama mtu anayetoa hotuba. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akakata.

Kwa miezi nilijiambia lile ni jambo dogo, mamia ya picha hukatwa kila siku, na ni kweli hukatwa. Wakati wa Goma ile tuliandika mapigano, tukaandika nani kachukua uwanja wa ndege, nani kasema nini Kinshasa na Kigali. Ukichukua zile picha 18 kama daftari la mahudhurio, sisi tulikuwepo kwenye picha ya tatu, siku ya mapigano, na labda kidogo kwenye ile ya mwisho, wakubwa wakiwa kwenye viti. Nani alimwandikisha yule kijana kwenye lori? Kalipwa na nani, shilingi ngapi, au hakulipwa? Alikula wapi usiku ule, na kwa nani? Yuko wapi waliomkata mguu? Sikuuliza hata moja, na hakuna aliyenizuia kuuliza. Tena watu wenye majibu wako Kariakoo, nauli ya daladala tu.

Wiki iliyopita, baada ya kubishana na rafiki yangu kuhusu kidole gumba mpaka mgahawa ukafungwa, nilirudi nyumbani nikaitafuta ile picha kwenye kompyuta. Ipo nzima. Nikaweka rula kwenye kioo, kama mwendawazimu. Kama tungeichapa kwa upana wa sentimita 18 bila kukata, yule mama angekuwa na kimo cha sentimita moja hivi. Sawasawa na wale wa kwenye mti wa Callot. Angetosha. Angeonekana na godoro lake, na dumu la mtoto lingeonekana.

Namba ya yule bwana nilikuwa nimeiandika nyuma ya daftari. Nikampigia. Ilibidi nijieleze mara mbili ndipo akanikumbuka. Nikamtumia picha nzima, nikamwuliza kama labda anamfahamu yule mama, maana huwezi kujua. Akakaa kimya kidogo, anaitazama.

"Simujui," akasema. "Lakini ile barabara ninaijua. Na munajua, jina yake muliandika mubaya."